Maporomoko Niliyoyatunga Mwenyewe

Mpaka nilipofikisha miaka kumi na minne, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka kwetu Kingi hadi Masisi-centre, mwendo ambao mama zetu waliumaliza na kikapu cha maharagwe kichwani kabla jua halijapanda. Hata hiyo niliikatiza mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi kuangalia kama nimefunga mlango wa mbuzi. Mara ya pili nilirudi kwa sababu nilisikia harufu ya muhogo wa kuchoma na sikuwa na hakika kama inatoka kwetu ao kwa jirani. Ilitoka kwa jirani. Nikala, nikalala, safari ikahamia kesho yake.

Nasema hayo ili ieleweke jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa la upuuzi: kwamba mimi, mtu wa jikoni, ndiye niliyewekwa kuongoza serkle nzima, chama cha wanafunzi wa ekole yetu, kwenda kuona mambo ya ajabu ya Walikale.

Kosa lilianzia kwenye kaye, daftari la insha. Zilikuwa siku za Wabeleji, na moniteri wetu, mwalimu wa darasa la mwisho, alikuwa kijana aliyesoma mbali, akarudi na baiskeli na saa ya mkono ambayo aliitazama hata pale ambapo hakuna aliyeuliza saa. Alichoka kutusikia tukiimba majina ya mito ya Ubelgiji. "Mto wa nyuma ya nyumba yenu hamuujui," alisema, na hapo akaanzisha serkle ya kujua inchi yetu wenyewe. Tulikuwa kumi na wawili. Tulikutana kila Jumamosi, na mwisho wa mwaka tulipaswa kwenda safari ya siku moja kwa kamiyo, gari la mizigo. Wapi? Hilo lingeamuliwa na kaye zetu. Alitupa kichwa cha habari ubaoni: Mahali pa ajabu nilipofika. Atakayeandika vizuri kuliko wenzake, mahali pake ndipo tutakapokwenda, na yeye ndiye atakayetuongoza. Tena, moniteri akashusha sauti, huyo atamfikiria kwa ile karatasi.

Ile karatasi kila mtu aliijua. Ekole ya sekondere ya mjini, kule ziwani, ilipokea mwanafunzi mmoja tu kutoka kwetu kila mwaka. Moniteri aliandika jina moja, akaipeleka. Mama yangu aliitaja karatasi hiyo kila alipopepeta maharagwe. Mimi niliitaka nafasi ile kama mtu anavyotaka mvua akiwa ndani ya nyumba: inyeshe, lakini isinifikie. Ila mama aliitaka kwa nguvu zake zote, na mimi nilimtaka mama afurahi, basi ikawa nami naitaka.

Sasa, mahali pa ajabu nilipofika mimi ni wapi? Pa jirani?

Lakini mama alikuwa amefika. Yeye hakuwa mtu wa milima yetu. Alitoka upande wa pori, mbele ya Mpofi, akaletwa huku kuolewa. Na kwao, siku zile, bibi-arusi aliondoka kwa baba yake akiwa amefunikwa nguo ya gome la mti kutoka kichwani hadi kifuani, ili asiijue njia ya kumrudisha. Shangazi yake alimshika mkono na kumwongoza kutoka asubuhi mpaka kwenye mto mkubwa, kwenye kilalo, daraja la kamba za pori, na hapo watu wa bwana-arusi wakampokea na kumfunua. Mama mzazi hakuruhusiwa kumsindikiza hata hatua moja kupita migomba ya mwisho. Kwa hiyo mama yangu alipoisimulia njia ile, hakuna kitu chenye rangi ndani yake. Aliisimulia kwa nyayo na masikio. Kwanza mizizi inayoshuka kama ngazi. Halafu maji ya kwanza, ya baridi, mpaka kwenye kifundo. Maji ya pili mpaka magotini. Maji ya tatu yenye mchanga laini chini. Kisha, upande wa kushoto, kishindo.

"Tu-tu," mama alisema, akigonga ungo kwa kidole. "Halafu kimya. Halafu tu. Mbili za haraka na moja ya nyuma. Kilitufuata kidogo kidogo, kisha kikakatika. Niliuliza ni nini, shangazi akanifinya mukono: nyamaza. Mpaka leo sijui."

Baada ya kishindo, maji ya moto, ambako shangazi alimwosha miguu. Baada ya maji ya moto, kilalo. Mara ngapi nilisikia hadithi hiyo, sijui. Ningeweza kuisema usingizini, na nadhani niliisema.

Basi nikaiandika. Nikamtoa mama, nikajiweka mimi. Nyayo zake zikawa nyayo zangu. Nilipofika kwenye kishindo, kalamu ikasimama. Moniteri gani atakupa pointi kwa kishindo kisicho na mwenyewe? Nikafikiri, nikala kiazi, nikafikiri tena, nikakipa mwenyewe: maporomoko ya maji. Maporomoko makubwa yanayopiga mwamba ulio wazi ndani, mbili za haraka na moja ya nyuma, kama ngoma. Na kwa kuwa mkono ulishapata moto, nikaongeza: "Nikasimama mbele yake, povu jeupe kama unga wa muhogo likinirukia usoni." Kwamba maporomoko hayamfuati mtu njiani, hilo nililiacha lipite.

Nilipata tisa juu ya kumi. Sentensi ile ya povu moniteri aliipigia mstari mwekundu. Nikaichukua kama sifa.

Alipotangaza, mwenzetu mmoja wa Kibabi alisimama. Alikuwa mrefu kuliko wote, wa pili kwa pointi. Yeye aliandika jinsi baba yake alivyokata kilima matuta na kupanda maharagwe, na kila neno lake lilikuwa kweli, jambo lililoifanya kaye yake ichoshe sana.

"Weye?" aliniuliza nje. "Weye mwenye kurudi kuangalia mbuzi, ulifika mbele ya Mpofi?"

"Nilienda na mama."

"Siku gani?"

"Zamani."

"Zamani ya nani?"

Nikamwambia wivu ni dhambi, nikaenda zangu nyumbani haraka, nikalala kifudifudi.

Ningeweza kusema ukweli wiki ile yote. Kila asubuhi niliamka na maneno tayari mdomoni, na kila asubuhi nikayameza pamoja na uji. Nikisema, karatasi inakwenda Kibabi. Nisiposema, huenda mvua ikanyesha, kamiyo ikakwama, moniteri akapatwa na homa. Niliwaombea wote hao mabaya, na hakuna kilichotokea. Mama, kwa upande wake, hakuweza kukaa. Alisikia tu kwamba ekole inakwenda kwao. Habari za kaye sikumweleza. Alinifungia maharagwe na ndizi kwenye jani, akafungua, akaongeza, akafunga tena.

"Papa," aliniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita akiwa na ombi, "weye utapita na macho wazi. Kisha maji ya tatu, kushoto kwa mukono. Uniangalilie. Kitu gani kilikuwa kinapiga?"

"Nitaangalia, mama."

"Usinipe ya kutunga. Ninakujua."

Tuliondoka alfajiri, juu ya kamiyo ya mfanyabiashara iliyokuwa inakwenda kuchukua mafuta ya mawese, sisi kumi na wawili kati ya mapipa matupu. Moniteri alikaa mbele na shofere. Ndani ya kofia yake alikuwa na karatasi ya territoire, ofisi ya Wabeleji: ruhusa ya kutoka Masisi na kuingia Walikale, na kurudi siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama. Aliigusa kofia, akatazama saa, akaigusa kofia.

Kwenye kona ya kwanza nilitapika. Kwenye ya tatu nikarudia. Shofere alisimama ili maji ya rejeta yapoe, akanitazama nikiwa nimelala juu ya ubao.

"Huyu njo kiongozi wenu?" akauliza. "Anaongoza na tumbo."

"Anajua njia sana," yule wa Kibabi akasema. "Anairudisha yote inje ili tusipotee."

Walicheka mpaka mapipa yakalia. Nami, badala ya kuona haya, nilikuwa nahesabu. Nikiruka hapa, ninafika nyumbani saa ngapi? Nikisema nina kuhara damu, watanirudisha ao wataniacha misioni ya karibu? Milima ilikuwa inashuka nyuma yetu, mashamba yakipungua, na miti ikiwa mirefu zaidi kila mara nilipoinua kichwa. Hewa ikawa nzito kama ya chumba chenye nguo mbichi. Sikuwa nimewahi kuona mahali pasipo na kilima. Nilitafuta kilima cha kuegemeza macho, hakuna. Nikatapika tena, safari hii kwa huzuni.

Mbele ya Mpofi kamiyo ilituacha kwenye kijiji kimoja kando ya barabara. Shofere alisema atarudi na mafuta saa nane, na asiyekuwepo atalala na nyani. Moniteri akatupanga wawili wawili, akasalimia wazee wachache waliokuwapo, akanigeukia.

"Haya. Tuongoze."

Nyuma ya nyumba za mwisho, pale migomba ilipoishia, njia zilikuwa mbili. Moja pana, iliyosafishwa. Nyingine nyembamba, imefunikwa na majani. Nilizitazama zote mbili kwa uso wa mtu anayekumbuka. Nilikuwa sikumbuki kitu. Hadithi ya mama haikuwa na njia mbili, kwani mama hakuiona hata moja.

"Ni gani?" moniteri akauliza, saa mkononi.

"Naomba kwanza niende kando, mwalimu."

Nikaingia nyuma ya mgomba. Pale nikavua raba zangu za Jumapili, nikafumba macho, na kama kipofu nikaanza kupapasa kwa nyayo. Njia pana ilikuwa sawa na kavu. Nikajaribu ile nyembamba. Hatua ya kwanza, mzizi. Ya pili, mzizi chini yake. Ya tatu, mzizi mwingine chini zaidi. Ngazi! Ilikuwa kama kusikia sauti ya mama gizani.

"Ni hii," nikaita.

Nikawaongoza. Maji ya kwanza yakanifika kwenye kifundo, baridi kama alivyosema. Ya pili magotini. Nilikuwa natembea haraka sasa, raba mkononi, na kila nilipokuwa na shaka nilifumba macho. Nikiyafungua, naona pori tu, kijani juu ya kijani, halinijui. Nikiyafumba, niko kwetu.

"Mwalimu," nikasikia nyuma yangu, "huyu anatembea na macho ya kufunga!"

"Anawaza," moniteri akajibu, lakini hakusema kwa nguvu.

Maji ya tatu. Mchanga laini, kweli kabisa. Nikasimama, nikageuka kushoto, na wote kumi na mmoja wakageuka kushoto pamoja nami, shingo nje, wakingoja maporomoko yapige.

Kulikuwa kimya. Mdudu mmoja alilia, akaacha.

"Labda maji yamepungua," nikasema.

"Twende mbele," moniteri akasema. Alikuwa ameacha kutazama saa. Sasa alikuwa ananitazama mimi.

Tukaenda mbele, na mbele palikuwa na mvuke. Maji ya moto! Nikataka kupiga kelele ya furaha, maana angalau hayo yalikuwapo. Nikasukuma majani, nikatokea, na nyuma yangu ekole nzima ikatokea, katikati ya wanawake saba ao wanane waliokuwa wanaloweka mihogo na kufua nguo.

Kelele zilizopigwa pale sikuwahi kusikia Kingi. Mmoja alitumwagia maji, mwingine akatutupia muhogo. Moniteri alifunika uso kwa kofia, na karatasi ya territoire ikaanguka ndani ya tope. Wawili wetu walikimbia na kurudi mpaka maji ya tatu. Hatimaye mama mzee mmoja, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe na miguu ndani ya maji ya moto, akainua mkono, kukawa na utulivu kidogo.

"Banaume banafanya nini hapa?" akauliza. "Njia ya banaume iko ile mukubwa, inapita kwa kaburi ya bami, bachifu ba zamani, inafika huko juu kwenye kilalo. Hii ni ya banamuke. Tena ile mulipita asubuhi hii, ile ya mizizi, ni ya bibi-arusi. Nani kati yenu iko bibi-arusi?"

"Ni huyu, mama," yule wa Kibabi akasema, akinisukuma mbele.

Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Moniteri hakucheka. Aliokota karatasi yake, akaipangusa kwenye suruali, akasema kwa adabu kubwa: "Mama, tunaomba musamaha. Tunatafuta maporomoko. Ile inayopiga kama ngoma, kushoto, ukipita maji ya tatu."

"Maporomoko gani? Miye nilizaliwa hapa. Maji ya hapa inalala tu na kuchemka. Hakuna maporomoko."

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilijua ninachotazama: ekole ya sekondere ikizama polepole kwenye tope, karibu na mahali karatasi ilipoanguka.

"Ulisimama mbele yake," moniteri aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Sikusimama, mwalimu."

"Na povu?"

"Hakuna povu."

"Ulifika hapa siku gani?"

"Leo, mwalimu."

Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga, maana ningekuwa na kazi ya kulia. Alivaa kofia yake tu. Kwa upande wangu wa kushoto nilihisi yule wa Kibabi akirefuka.

Ni mama mzee aliyeuliza. "Mambo ya kishindo, nani alikuambia?"

"Mama yangu."

"Mama yako ni nani?"

Nikataja jina lake na la baba yake. Mama mzee akatoa miguu kwenye maji. Hakunitazama usoni, alinitazama chini, kwa muda mrefu.

"Miguu ni yake," akasema. "Ile kidole ya pembeni inaenda njia yake yenyewe. Niliiosha hapa hapa. Njo miye nilimushika mukono."

Alisimama, akachukua fimbo, akaturudisha nyuma mpaka karibu na maji ya tatu. Aliingia porini upande wa kushoto, hatua kama ishirini, na hapo palikuwa na mti. Sijui jina lake mpaka leo. Mizizi yake ilisimama juu ya ardhi kama kuta za nyumba, mipana na myembamba, kuta zilizopita kichwa cha yule wa Kibabi. Kwenye ukuta mmoja gome lilikuwa limebonyea, limepona vibaya, kama kovu la goti. Mama mzee akaokota kipande cha mti.

Tu-tu. Kimya. Tu.

Sauti ile haikutoka kwenye mti. Ilitoka kila mahali. Ndege wakubwa waliruka juu yetu kwa mabawa yenye mlio. Mimi sijawahi kuisikia, na niliijua kuliko jina langu.

"Mama ya bibi-arusi hana ruhusa ya kusindikiza," alisema. "Akionekana, ndoa inaharibika. Lakini yule, nyanya yako, alikuwa kichwa nguvu. Alipita ndani ya pori, bila njia. Kila muti mukubwa anapiga, ili mutoto ajue iko na muntu. Huu njo wa mwisho. Mbele iko maji ya moto, iko wazi, angeonekana. Alipiga hapa mpaka tukapotea."

"Kwa nini hukumwambia mama?" nikauliza.

"Bibi-arusi akijua mama yake iko karibu, atatembea? Atatupa nguo, akimbie kwake. Nilimufinya tu." Akaweka kipande cha mti chini, taratibu. "Na kisha nyanya yako akakufa, na mama yako hakurudi. Ningemwambia wapi?"

Yule wa Kibabi alinyoosha mkono aokote mti ajaribu, moniteri akautazama mkono ule, ukarudi mfukoni.

Safari iliyobaki ilikwenda mbio, kwa kuwa moniteri alikumbuka saa. Makaburi ya waami hatukuyaona, wakati ulikuwa umekwisha. Kilalo tulikiona kwa mbali: kamba zilikuwa zimeoza, zimebaki mbili zikining'inia juu ya mto, na mlinzi wake, tuliyemkuta njiani, alituambia watu sasa wanavukia kilalo cha mbao cha serikali, kule chini. Kwa hiyo serkle ya kujua inchi ilikwenda kuona maporomoko ambayo hayapo, makaburi ambayo hatukuyafikia na kilalo kilichokatika. Mvua ikaanza. Tukakimbia. Mama mzee alinifuata mpaka kwenye migomba, akanipa mihogo iliyolowekwa kwenye maji ya moto, imefungwa jani. "Ya mama yako. Inanuka, usitupe."

Ilinuka. Shofere aliapa kwamba kuna mtu amekufa ndani ya pipa. Nilikaa juu ya mzigo ule njia nzima, nikitapika kwa zamu, na katikati ya kona mbili moniteri, ambaye safari hii alipanda nyuma pamoja nasi, akasogea karibu.

"Kaye yako ilikuwa nzuri," alisema. "Niliamini nyayo zote. Sentensi moja tu niliipigia mstari, kwa sababu ilinuka kitabu."

"Ile ya povu."

"Ile ya povu. Ungeandika ni mama yako, ningekupa kumi." Akatazama saa, nadhani kwa mazoea. "Karatasi inaondoka Jumatatu. Unajua itakuwa na jina la nani."

Nilijua. Nikageuza kichwa kumtazama yule wa Kibabi, ili anicheke tumalize. Alikuwa ananitazama. "Nitakuandikia kutoka mjini," akasema, "nikueleze maporomoko ya huko." Halafu akanipa nusu ya ndizi yake. Nikaila, ikarudi.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa na ungo mapajani. Nilimwambia yote kwa mpangilio mbaya: kwanza karatasi, halafu povu, halafu mti. Kwenye karatasi mikono yake ilisimama. Kwenye mti haikusimama tena, ilianza kupepeta upya, maharagwe yaliyokwisha kupepetwa.

"Alipiga mara ngapi?"

"Mbili za haraka, na moja ya nyuma."

"Njo hiyo," akasema. Kisha akauliza, "Na weye kwenye kaye uliandika ni nini?"

"Maporomoko."

"Mama yangu muzima, ukamugeuza maji?"

Akacheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini, kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema kuni zimekwisha, akatoka kwenda kutafuta. Kuni zilikuwa zimejaa ukuta mzima. Alirudi mchana, mikono mitupu, akapika ile mihogo. Nyumba ilinuka siku tatu, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Nilirudia darasa la mwisho. Si aibu ndogo, kukaa nyuma na magoti yakigusa meza. Moniteri hakunipa kichwa kipya cha habari. Alinirudishia kaye ile ile na kusema niiandike tena, bila povu. Nikamwondoa yule mvulana mwongo aliyejidai kwa miguu ya watu, nikamrudisha mama ndani ya nguo ya gome, na nyanya ndani ya pori. Mwaka ule karatasi iliondoka na jina langu.

Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimeshinda kitu kibaya sana: ilinibidi kwenda.

Asubuhi ya kamiyo, wamama wa majirani walikuja mpaka barabarani na watoto wao. Wa kwangu hakuja. Alinifungia maharagwe ndani ya nyumba, akafungua, akaongeza, akafunga, akaniambia nende, yeye ana kazi. Nilipanda na sanduku langu la mbao nikiwa na hasira kidogo. Hata kunipungia mkono? Kamiyo ikanguruma, ikaanza kushuka, na mimi nikawa natafuta kwa macho paa letu, ambalo kutoka barabarani halionekani kwa sababu ya migomba.

Hapo nikasikia kinu. Mtu alikuwa anatwanga nyuma ya migomba ile, kwenye kinu kisicho na kitu, kwa maana kinu chenye muhogo hakilii hivyo. Mbili za haraka. Kimya. Moja ya nyuma.

Nilishika ubao wa kamiyo kwa mikono yote miwili ili nisiruke. Kwenye kona ya kwanza niliusikia mlio ule bado. Kwenye ya pili pia, ukiwa mdogo. Kwenye ya tatu nilifumba macho ili niusikie vizuri zaidi, na hilo lilikuwa kosa, kwa kuwa tumbo langu linajua vizuri sana maana ya kona ya tatu.